Mpira Nje ya Fremu: shajara ya mradi wa picha, Mwanza

Jumamosi, Mei inaishia

Naanza kuandika hapa maana mradi sasa umeshika kasi, na nisipoandika nasahau kabisa nilikua nafikiria nini wakati napiga. Kwa anayeingia leo: napiga picha za michezo ya hapa Mwanza na pembezoni mwa ziwa, ndondo za mtaani, mitumbwi, baiskeli, ngoma za mashindano, chochote ambacho watu wanashindana na wengine wanasimama kuangalia. Sharti ni moja tu, mpira haumo kwenye picha. Wala goli, wala utepe wa kumalizia, wala kombe. Wamo wanaotazama, basi.

Wazo lenyewe lilitoka kijiweni Mabatini kwa mshikaji wetu mchoraji, yule anayechora mabango ya saluni na maandishi ya nyuma ya daladala. Nilikua namwonesha picha za ndondo, mabeki wanaruka, kipa kadaka, freshi tu, yeye akawa anapitisha haraka haraka kama hazimhusu, alafu akasimama kwenye moja. "Kaka, huyu mama hapa nyuma kafanywa nini?" Nikaivuta picha. Juu ya jiwe nyuma ya goli kuna mama ana beseni la mihogo kichwani, mikono yote miwili kaifunika mdomo, beseni limekaa lenyewe bila kushikwa. Mpira uko kona nyingine kabisa. Ukiangalia uso wa yule mama unajua mpira uko wapi na umefanya nini, na mi nilikua sijamwona hata wakati napiga.

Toka hapo sijapiga picha ya mpira.

Vifaa navyotumia kwa wanaoulizaga: Canon 600D ya mkononi, lenzi ya milimita 50 f/1.8 na ile ndefu ya 55-250. Hii kamera inapiga picha 3.7 kwa sekunde, kwa mtu anayekimbizana na mpira ni ndogo sana, ila kwa mradi huu inatosha na inabaki, maana huku sikimbizani na kitu, nachagua uso mmoja nasubiri mchezo uufikie.

Jumapili, nje ya Kirumba

TP Lindanda, yaani timu yetu ya Pamba, walikua nyumbani. Sina kitambulisho cha uandishi na sikutaka kubishana na mtu getini, kwa hiyo nikabaki nje ya CCM Kirumba dakika zote tisini, na kwa mradi huu kwa kweli hakuna sehemu nzuri kama pale. Mpira upo ila huuoni, unausikia tu unakuja juu ya ukuta.

Nilikaa na vijana wa bodaboda, redio moja imening'inizwa kwenye usukani, watu kama kumi wameinama kwenye ile redio na mtangazaji yuko nyuma kidogo ya uwanja wenyewe. Yaani kelele inaanza ndani kwanza, ukuta mzima unatetemeka, afu wale jamaa wananyamazishana kwa mikono wasikie redio inasemaje, na hicho kipande cha katikati, pale ambapo wanajua kuna kitu kimetokea ila hawajui ni cha upande gani, ndo nilichokua nakitafuta. Nyuso zinakua wazi kabisa. Mmoja kafumba macho.

Muuza jezi mmoja, mtu mzima, akaniambia Pamba ya zamani ilikua inajaza mpaka watoto wanakaa miguuni kwa watu, na miaka yote ile ambayo timu ilikua haipo Ligi Kuu, zaidi ya miaka 20, yeye alikua anauza jezi za Simba na Yanga huku moyo unamuuma. Msimu wa 2024/25 waliporudi akasema alilia mbele za wateja. Nilimpiga kashika jezi kifuani, bado ina mikunjo ya kwenye mfuko. Hiyo picha imo kwenye mradi, hata kama yote mengine yataondoka.

Wiki ya kwanza ya Juni, ndondo, Igogo

Leo nimefanyia kazi mwanga tu, na hapa nitaandika kwa kirefu maana kuna wadogo zangu wawili wanaojifunza kamera wananiuliza kila siku kwanini picha za ziwani nyuso zinatoka nyeusi tii.

Kamera haijui mtu ni nani. Inapima mwanga wa fremu nzima inatafuta wastani. Sasa ukimsimamisha mtu na nyuma yake kuna ziwa la saa kumi, lile linalowaka mpaka unakunja macho, kamera inaona mwanga umezidi inaanza kupunguza, na inayopunguziwa ni sura ya mtu wako. Maji yanatoka mazuri na mtu anakua kivuli. Kwa ngozi zetu inaonekana mara mbili. Mi nafanya hivi: naweka kipimo cha nukta, kile kinachopima sehemu ndogo ya katikati, nakielekeza shavuni, nafunga mwanga, ndo napanga fremu. Au kama watu ni wengi na wanahama hama naongeza tu stopu moja, yaani mwanga mara mbili, juu ya ile kamera inayotaka. Ziwa litaungua likatoka jeupe, acha liungue. Ziwa lipo kila siku, uso ule hautarudi.

Jambo la pili ni kwamba sisi tupo nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta, jua letu linashuka wima. Zile video za wazungu wanaosema una saa nzima ya mwanga wa dhahabu sio za huku. Huku ndondo inaanza saa kumi, kipindi cha kwanza chote mwanga ni mkali unachonga vivuli vibaya chini ya macho, kipindi cha pili ndo unaanza kulainika, na ikikaribia saa moja jua linazama na giza linakuja haraka mno. Ukiwa na bahati mechi ikaenda penalti, penalti zinapigwa ndani ya mwanga mzuri kuliko wote na watu wako na presha kuliko muda wote. Mi naombea sare kila wikiendi na wachezaji wameshanijua kwa hilo.

Igogo ina kitu ambacho uwanja wa tambarare hauna, mawe. Watu hawajapangwa mstari, wamepanda, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, jabali moja lina watoto, la juu yake wazee, la juu kabisa wasichana wenye mtandio wanaopeana karanga. Ukisimama chini na lenzi ndefu unapata ukuta wa watu kutoka chini mpaka juu ya fremu bila kipande cha anga. Nimepiga kwa 1/250 ya sekunde, f/5.6 kwanza, jua lilivyoinama nikapandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 1600. Kwa hii kamera chengachenga zinaanza kuonekana hapo ila mi sizichukii.

Kuna mzee mmoja anakaa jiwe lilelile kila wikiendi, ana redio ya mkononi na fimbo. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba ngosha, akaniuliza mbona hunipigi mimi. Nikamwambia nimekua nakupiga mzee wangu ila nilikua nasubiri kukuomba. Akacheka akavua kofia. Nikamwomba airudishe, anapendeza nayo.

Mwezi mpevu, Igombe

Watu wa mjini hawajui hili: ukitaka wavuvi wa dagaa uwapate wote nyumbani, angalia mwezi. Dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai sasa hivi taa za betri na sola, dagaa wanaufuata mwanga wanakusanyika juu, nyavu inawachukua. Mwezi ukijaa ziwa lote lina mwanga, taa yako haina nguvu tena, kwa hiyo siku zile za mbalamwezi mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanalala, wanarudi kwa wake zao, na vijana wakiwa wengi ufukweni hawawezi kukaa bila kushindana.

Hayakua mashindano makubwa ya kutangazwa redioni, ni kambi mbili tu zimetiana maneno wiki nzima, kila upande mtumbwi mmoja wa makasia, dau ni mbuzi. Nilienda na produza wetu, yule mwenye studio ya chumba kimoja kule Nyakato, kabeba rekoda na maikrofoni yake ameivalisha manyoya kwa ajili ya upepo. Yeye anarekodi kelele ninayoipigia picha. Bado hatujui tutaziunganishaje ila tunaenda pamoja.

Tulifika mapema, salamu za Kisukuma, mwangaluka huku, mwangaluka kule, tukapewa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilivaa gambuti. Naandika hili kwa msisitizo maana kila mpiga picha anayekuja ziwani anataka aingie majini apate ile picha ya chini: kichocho kipo. Konokono wake wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye matete na majani, palepale unapotaka kupiga magoti. Vaa gambuti, au kaa kwenye mtumbwi, au panda jiwe.

Wakaanza kupiga kasia, nahodha kakaa nyuma anaimba, wenzake wanaitikia, kasia zinaingia majini kwa pamoja, tsaa, tsaa, unasikia mpaka kifuani. Mi nimewapa mgongo. Nimewaelekezea kamera wamama wa dagaa, wale wanaoanika. Walikua wamesimama katikati ya dagaa wao waliotandazwa juani, fagio mkononi, wanatazama ziwa, na mmoja, mwenye kitenge cha njano, alikua anapiga kasia hewani kwa lile fagio, anainama na mwili wote kila kasia ya kambi yake ikiingia, na mwenzake pembeni kamshika kiuno ili asije akakanyaga dagaa. Nilibonyeza nikaendelea kubonyeza. 1/1000, jua la saa nne, ISO 100, hakuna cha kuogopa. Mwanae alikua kwenye ule mtumbwi, mwanae wa kwanza.

Walishinda. Sijui kwa urefu gani kwa sababu sikugeuka, ila nilijua ni wao kwa yule mama.

Produza akanisikilizisha jioni kwenye daladala, ule wimbo wa makasia uko mbali kabisa na mbele yake unasikia pumzi za wamama. Pumzi tu na fagio. Tulirudi mpaka Kirumba hatuongei.

Bujora, Bulabo

Hii ndo siku iliyonifungua macho kuhusu mradi wangu mwenyewe.

Bulabo ni ile sherehe ya Wasukuma inayofanyika kila Juni kule Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho, unachukua daladala za njia ya Musoma, hata kilomita 20 hazifiki. Bujora ilianzishwa na padri David Clement kutoka Kanada miaka ya 1950, na Bulabo yenyewe inaendana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ina misa na maua, na baada ya hapo ngoma. Ngoma za mashindano, Bagika na Bagalu. Hizi ni pande mbili za kale, Bagika wa Ngika na Bagalu wa Gumha, wacheza ngoma wawili wa karne ya 19 waliokua wanapimana ubavu, na wafuasi wao mpaka leo wanapimana.

Nilienda nikiwa na akili ya kupiga watazamaji kama kawaida. Nikakaa na mama mmoja mtu mzima, nyumbani kwake Magu, nikamuuliza mama yangu, hapa majaji wamekaa wapi? Akaniangalia. Akaniambia baba, majaji si ndo sisi.

Inavyokwenda ni hivi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na manju wake, yaani kiongozi na mwimbaji wao, na ngoma zake, na watu wako huru. Ukipendezwa na huyu unaenda kwake, yule akitoa jambo, kabeba nyoka, kapanda mgongoni kwa mwenzake, kaimba neno linalochoma, unahamia kule. Anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Ndo maana manju wa zamani walikua wanahangaika mpaka kutafuta dawa ya mvuto, kwa sababu hakuna goli la kufunga, kuna watu wa kuwachukua kwa mwenzio.

Nikashusha kamera kidogo nikafikiria. Mimi miezi yote hii najieleza kwa watu kwamba napiga pembeni ya mchezo, napiga walioachwa. Kumbe kwa mababu wa hapahapa watazamaji ndo matokeo. Ukipiga picha ya watu wamekusanyika upande mmoja umepiga ubao wa magoli.

Nikapanda sehemu ya juu na ile lenzi ya 50, nikaacha nyuso siku hiyo. Nikapiga umati kama umati. Nikaweka kamera juu ya ukuta imetulia, shata taratibu, robo sekunde, filta ya kupunguza mwanga mbele, nikasubiri watu waanze kuhama. Unaona kwenye picha waliosimama wametoka wazi, na wanaokimbilia upande wa pili wametoka ukungu wa rangi, kitenge kimevutika, vumbi linawafuata, na katikati ya uwanja kuna uwazi unaozidi kupanuka. Yule anayepoteza watu hayumo kwenye fremu ila unamwonea huruma.

Mama wa Magu nilimwona kwenye skrini baadae, mmoja wa wale wa ukungu.

Julai mwanzo, kijiweni

Kazi ya kuchagua. Nimekaa na mchoraji, produza, na dada yetu mshonaji ambaye ana jicho kutushinda wote. Kanuni ya dada: kama huwezi kusema mchezo umefikia wapi kwa kuangalia tu uso, picha inatoka. Zimetoka nyingi, zikiwemo za Capri Point nilizokua nazipenda, za machweo na lile Jiwe la Bismarck kwa mbali, nzuri kweli, ila hakuna anayeshindana wala anayeangalia. Dada kasema hizo mpe mwenye hoteli. Zimetoka.

Nimesafisha za kwanza kwenye studio ya mjini, za A4, karatasi isiyong'aa. Isiyong'aa kwa sababu zitatundikwa nje na jua la hapa likipiga kwenye karatasi ya kung'aa unajiona wewe badala ya picha. Ile ya ukungu ya Bujora nimeomba iwe kubwa kuliko zote.

Ubishi mkubwa ulikua tutundike wapi. Produza alitaka ukumbi, na kuna sehemu mbili tatu mjini wangekubali. Mchoraji akakataa, akasema mzee wa redio hawezi kuja ukumbini, atajiuliza avae nini. Mi nikawa upande wa mchoraji. Kwa hiyo ni Igogo, palepale, siku ya fainali ya ndondo, kamba kutoka jiwe hadi jiwe na vibanio vya nguo. Dada kashona mifuko ya kitambaa ya kuning'iniza chini ya kila picha, na ndani yake kuna nakala ndogo. Ukijikuta kwenye picha, nakala ni yako, beba. Watoto tulipita kwa wazazi wao mmoja mmoja kuuliza kwanza, wawili wakasema hapana na picha zao zimebaki ndani, sawa kabisa.

Siku ya fainali

Naandika usiku na miguu inauma.

Tulitundika kuanzia saa sita. Watoto walikua wa kwanza, afu wauza karanga, afu mechi ilivyokaribia ikawa tabu kupita. Watu walikua wanatafutana kwenye kamba, huyu si mama fulani, mwite, mwite aje ajione. Produza kaweka spika mbili nyuma ya jiwe, ule wimbo wa makasia na pumzi za Igombe, kwa sauti ya chini, watu wakawa wanageuka kutafuta ziwa.

Mzee wa redio alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya picha yake muda mrefu, akaiangalia ile kofia. Akanambia "mimi nilidhani nikiangalia mpira huwa natulia." Kwenye picha kainuka nusu, fimbo iko juu, mdomo wazi. Akachukua nakala yake akaikunja vizuri akaweka mfuko wa shati. Akaniomba nyingine ya mke wake.

Mama wa kitenge cha njano hakuja, Igombe ni mbali na mwezi haupo, wako kazini. Nimeweka ya kwake kwenye bahasha nitampelekea mwezi ukijaa.

Alafu mechi ikaanza na watu wote wakapanda mawe yao, zikabaki picha na mimi na mchoraji. Nikataka kubeba kamera, mchoraji akasema pumzika leo, akanivuta tukapanda juu. Ikaenda penalti. Nimeangalia penalti zote kwa macho, wa mwisho kagonga mwamba, na jirani yangu ambaye simjui kanikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Kinachofuata: Oktoba kuna Rock City Marathon, inakimbiwa hapa mjini tangu 2009, na mi nataka wale wanaotoka nje ya milango yao na ndoo za maji kuwapa wakimbiaji. Kabla ya hapo kuna vijana wa baiskeli wanaofanya mazoezi kwenda Kigongo mpaka lile daraja jipya la kilomita 3 linalovuka kwenda Busisi, wameniambia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukutane Buhongwa stendi. Betri mbili ziko kwenye chaja. Mwenye lenzi pana ya kuazimisha, milimita 18 au chini ya hapo, anitafute kabla ya Ijumaa.